Sura ya 6: Mvinyo Katika Nyumba ya Joto

Zabibu za Dodoma hukua kwenye nyanda kavu zilizo kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako mchana jua ni kali na usiku una ubaridi wake. Mkulima wa Hombolo au Makutupora huvuna mara mbili kwa mwaka, wakati mwenzake wa Ulaya anavuna mara moja tu. Zabibu zikishakamuliwa, juisi yake huchachuka ndani ya matangi, na kiwanda chenye vifaa hulichunga joto la tangi mchana na usiku. Kisha mvinyo unatiwa kwenye chupa, unapakiwa, unateremka kilomita 450 hivi hadi Dar es Salaam, unapangwa dukani, unanunuliwa. Ukifika nyumbani unawekwa juu ya friji au kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, na ulinzi wote uliogharimu fedha na usingizi wa watu unakoma hapo.

Vitabu vingi vya mvinyo vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao nyumba zao zina chumba chini ya ardhi. Ushauri wao ni rahisi: shusha chupa chini, ilaze, isahau. Nyumba ya Kinondoni, ya Mombasa au ya Bujumbura haina chumba hicho, na wengi wetu hatutakijenga kamwe. Bado tunaweza kunywa mvinyo ulio katika hali yake nzuri, tena kwa gharama ndogo, tukizingatia mambo mawili: kuipa chupa pahali penye joto dogo lisilopandapanda, na kutoiweka muda mrefu. Katika nyumba zetu hili la pili lina uzito kuliko la kwanza, na sura hii yote inaelekea huko.

Chini ya ardhi kuna nini?

Katika mji wa Reims, Ufaransa, watengenezaji wa shampeni huhifadhi chupa zao ndani ya mahandaki yaliyochimbwa kwenye mwamba wa chokaa. Humo joto hukaa nyuzi 10 hadi 12, kiangazi na majira ya baridi. Mwamba hupokea joto la nje polepole sana na kulitoa polepole vilevile, kwa hiyo chupa haijui kama juu kuna jua au theluji. Handaki hilo linatoa mambo manne kwa pamoja: ubaridi, utulivu wa joto, giza, na unyevu wa kutosha kuzuia kizibo kisikauke.

Ushahidi mzuri wa nguvu ya mambo hayo ulitoka baharini. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, katika Bahari ya Baltiki, ikiwa na chupa 168 za shampeni. Zilikuwa zimelala humo kwa miaka 170 hivi, kwenye kina cha mita 50, penye giza na joto la nyuzi 2 hadi 4. Baadhi ya chupa zilikuwa zimeingiwa na maji ya bahari. Nyingine zilipofunguliwa zilitoa kwanza harufu nzito ya mnyama aliyelowa, kisha, baada ya kuzungushwa kwenye glasi, harufu ya moshi, viungo na ngozi. Mvinyo huo ulikuwa bado unanyweka. Hakuna mtunzaji aliyeuangalia kwa karne moja na nusu. Ulihifadhiwa na ubaridi na giza la pale ulipoangukia.

Joto linafanya nini ndani ya chupa

Mvinyo ulio kwenye chupa iliyofungwa unaendelea kubadilika. Asidi, rangi, sukari, kileo na hewa kidogo iliyobaki chini ya kizibo vinakutana na kuzaa vitu vipya. Mabadiliko hayo yakienda polepole huulainisha mvinyo na kuupa harufu ambazo haukuwa nazo ulipokuwa mchanga. Yakienda haraka huuchosha.

Kwa makadirio ya kawaida ya kemia, joto likiongezeka nyuzi 10, kasi ya mabadiliko huongezeka mara mbili hivi. Joto linalopendekezwa kuhifadhia mvinyo ni kati ya nyuzi 12 na 14. Dar es Salaam mwezi wa Januari na Februari mchana hufika nyuzi 32, na usiku hushuka hadi 25 tu. Chupa iliyokaa kwenye chumba cha nyuzi 30 inazeeka zaidi ya mara tatu ya ile iliyo kwenye handaki. Isitoshe, mabadiliko mabaya ndiyo yanayochochewa zaidi na joto kali, kwa hiyo mwezi mmoja wa Januari ya pwani haulingani na miezi mitatu ya Reims. Mvinyo mweupe unageuka rangi ya chai nyepesi, mwekundu unakuwa na kahawia kwenye kingo za glasi, na harufu ya tunda bichi inageuka ya tunda lililochemshwa.

Madhara ya pili ni ya kimwili. Kimiminika kikipata joto hutanuka. Chupa ya mililita 750 ikitoka nyuzi 20 kwenda 35, mvinyo wake huongezeka kiasi cha mililita tatu hadi nne. Nafasi iliyo chini ya kizibo ni ndogo, hivyo hewa inabanwa na kizibo kinasukumwa. Usiku joto likishuka, mvinyo unasinyaa na hewa ya nje inanyonywa ndani kupitia kando ya kizibo. Ndiyo maana chumba kinachokaa nyuzi 24 wakati wote ni bora kuliko kile kinachoamka na 20 na kufika 34 alasiri, hata kama wastani wao unakaribiana.

Alama zake unaweza kuziona kabla ya kufungua. Shika chupa kwenye mwanga na upitishe kidole juu ya mdomo wake. Kizibo kinapaswa kuwa sawa na ukingo wa kioo au chini yake kidogo. Kikiwa kimetuna juu, chupa hiyo imewahi kupata joto kali. Tazama chini ya ganda laini linalofunika kizibo. Ukiona mstari mkavu wa rangi ya zambarau ukiteremka shingoni, au kidole kikinata, mvinyo ulivuja. Kisha linganisha kimo cha mvinyo na cha chupa nyingine za aina hiyohiyo. Iliyopungua kuliko wenzake iache dukani.

Upo mvinyo mmoja maarufu ambao joto limeufanya uwe ulivyo. Katika kisiwa cha Madeira, ambacho ni cha Ureno, wafanyabiashara wa zamani waligundua kwamba mapipa yaliyovuka nchi za joto ndani ya meli na kurudi yalikuwa na mvinyo mtamu zaidi mdomoni kuliko yaliyobaki ghalani. Leo safari hiyo huigizwa nchi kavu. Mvinyo wa kawaida wa Madeira hupashwa kwenye matangi kwa nyuzi 45 hadi 50 kwa muda usiopungua miezi mitatu, na ule wa thamani kubwa huachwa kwenye mapipa darini kwa miaka. Umeongezwa pombe kali, una asidi nyingi, na umekwisha kuzoea hewa, kwa hiyo joto la nyumba zetu haliutishi sana. Mwenye nyumba ya bati anayetaka kuwa na chupa moja ya kudumu afikirie huo kwanza.

Mwanga

Mvinyo una vitamini B2. Mwanga wa jua, hasa wa buluu na ule tusiouona wa urujuanimno, ukiipiga vitamini hiyo huzaa vitu vya salfa vyenye harufu ya kabichi iliyochemshwa au sufu iliyolowa. Kwenye chupa isiyo na rangi iliyoachwa juani, kazi hiyo hukamilika kwa saa chache tu. Shampeni iitwayo Cristal, iliyotengenezwa mwaka 1876 kwa ajili ya Aleksanda wa Pili, mfalme wa Urusi, ipo kwenye chupa angavu hadi leo, na huuzwa ikiwa imefungwa karatasi ya plastiki ya rangi ya machungwa ili kuuzuia mwanga. Kwako nyumbani gazeti linatosha. Funga kila chupa angavu kwa gazeti, hasa ya mvinyo wa waridi au shampeni, na usikubali kununua iliyopangwa kwenye kioo cha mbele cha duka hata ikipunguzwa bei.

Kutafuta pahali nyumbani

Usikisie, pima. Jaza maji kwenye chupa tupu ya mvinyo, tumbukiza kipimajoto chembamba, na iweke unapopafikiria. Soma alfajiri na tena saa tisa alasiri, siku kadhaa mfululizo. Maji huchelewa kupata joto kama mvinyo unavyochelewa, kwa hiyo kipimo hiki kitakuambia vizuri zaidi jinsi chupa itakavyoishi pale kuliko kipimo cha hewa. Fanya hivyo mwezi wa joto kali. Pahali palipofaulu Februari patafaulu Julai.

Anza na sehemu zisizofaa. Juu ya friji ndipo wengi tunapopapenda, na ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu friji hutoa nje joto inaloliondoa ndani, na mota yake inatikisika usiku kucha. Jikoni kuna moto wa jiko na mvuke. Ukuta unaopigwa na jua la magharibi hubeba joto hadi saa nne usiku. Chumba kilicho chini ya bati bila silingi bodi ni tanuri mchana na baridi alfajiri. Stoo ya nje iliyoezekwa bati ni hivyohivyo, hata kama ina giza.

Sehemu nzuri ni zile ambazo nyumba yenyewe imezizungushia kuta: kabati la nguo lililo kwenye ukuta wa ndani, chini ya kitanda katika chumba cha upande wa mashariki, chini ya ngazi, au kona ya sakafu ya korido isiyo na dirisha. Sakafu ya saruji iliyomwagwa moja kwa moja juu ya udongo ina ubaridi kuliko rafu ya juu, kwa hiyo chupa zikae chini, siyo usawa wa macho. Ukiwa ghorofani, tafuta ukuta unaotenganisha vyumba viwili.

Kisha ongeza kinga. Chukua lile boksi jeupe jepesi ambalo wauza samaki hutumia kubebea barafu, au sanduku la plastiki lenye kuta nene la kupeleka vinywaji ufukweni. Panga chupa ndani, jaza nafasi zilizobaki kwa chupa za maji, funga, sukuma chini ya kitanda. Boksi halileti ubaridi, linachelewesha joto. Mchana joto linaingia kidogo, usiku linatoka kidogo, na kupanda na kushuka kwa nyuzi nane chumbani kunaweza kuwa nyuzi mbili tatu ndani ya boksi. Kwa mtu wa Nairobi, Arusha, Iringa au Mbeya, ambako mwinuko wenyewe umeshafanya nusu ya kazi, boksi kama hilo kwenye kona ya ndani linatosha kutunza mvinyo mwekundu mzuri kwa miaka kadhaa.

Friji na umeme

Mtu wa pwani asiogope friji ya kawaida. Imesemwa mara nyingi kwamba ni baridi mno na kavu mno kwa mvinyo, na kwa miaka kumi ni kweli. Kwa miezi sita, nyuzi 4 za friji ni salama kuliko nyuzi 30 za sebuleni bila shaka yoyote. Weka chupa rafu ya chini kabisa au kwenye droo ya mboga, mbali na mlango unaofunguliwa mara ishirini kwa siku. Umeme ukikatika usifungue ovyo. Friji iliyojaa vitu hutunza ubaridi kwa muda mrefu kuliko iliyo tupu.

Ukitaka kununua friji ndogo ya mvinyo, uliza swali moja kabla ya bei: ina kompresa? Zipo za bei nafuu zisizo na kompresa, zinazopoza kwa kibati cha umeme. Ni za kimya na hazitikisiki, lakini haziwezi kushuka sana chini ya joto la chumba zilimo. Nyingi huishia nyuzi 10 hadi 15 chini yake. Chumba kikiwa na nyuzi 32, kifaa hicho kitahangaika kutwa nzima na kuishia nyuzi 17 au zaidi. Nairobi kinafaa. Mombasa na Dar es Salaam chukua chenye kompresa, au usinunue kabisa.

Dodoma yenyewe ina njia ya kale ambayo pwani haina. Hewa yake ni kavu, na maji yakikauka kwenye hewa kavu huondoka na joto. Ndiyo kazi ya mtungi wa udongo. Chupa ya kunywa jioni, ikivingirishwa kitambaa kilicholowa na kusimamishwa kwenye karai lenye maji mahali penye kivuli na upepo, itapoa vizuri bila umeme. Fanya hivyo Tanga na utangoja sana, kwa kuwa hewa ya bahari imeshajaa unyevu na maji hayakauki kwa kasi. Hiyo ni njia ya kupoza chupa ya leo. Kwa kuhifadhi haifai, maana itaozesha lebo na kuleta ukungu.

Kulaza au kusimamisha

Kizibo cha asili hukatwa kwenye gome la mti wa mwaloni unaokua sana Ureno, nchi inayotoa karibu nusu ya magome hayo duniani. Kikikauka husinyaa na kupitisha hewa. Kwa sababu hiyo chupa yenye kizibo cha gome itakayokaa zaidi ya miezi michache hulazwa, mvinyo uguse kizibo. Itakayonywewa mwezi huu isimame bila wasiwasi. Chupa yenye kifuniko cha kuzungusha isimame siku zote ikipenda, na kwa nyumba ya joto mimi huichagua hiyo kwanza, kwa kuwa kifuniko hakisukumwi kirahisi kama kizibo. Mvinyo mtamu uliotengenezwa nyumbani na kuuzwa kwenye chupa za plastiki usiulaze wala usiuweke. Plastiki hupitisha hewa, na hamira iliyobaki humo ikipata joto huamka na kuila sukari. Ukiona kifuniko kimetuna au mapovu yanapanda, fungua taratibu juu ya sinki na uutumie siku hiyohiyo.

Dukani na njiani

Kazi ya kutunza inaanza kabla hujalipa. Duka lenye kiyoyozi kinachozimwa usiku ni duka la joto. Muulize muuzaji kwa heshima, naye atakujibu: “Kaka, mzigo huu umeingia lini? Kuna boksi ambalo halijafunguliwa?” Chupa iliyotoka kwenye boksi lililoletwa wiki hii ni bora kuliko iliyokaa rafuni chini ya taa tangu mwaka jana, ingawa ni mvinyo uleule kwa bei ileile.

Njiani usitumie buti la gari. Gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 50 ndani, na saa mbili za hali hiyo huondoa faida yote ya kabati lako. Ukinunua Dodoma, safiri na chupa zako ndani ya gari mahali ulipo wewe, zikiwa zimefungwa nguo, na ukisimama Morogoro kula, usiziache zimefungiwa juani.

Chupa ikishafunguliwa

Baada ya kizibo kutoka, hewa inakuwa adui mkubwa kuliko joto, na friji inazuia vyote viwili kwa sehemu. Mvinyo mweupe na mwekundu, ukifunikwa vizuri na kurudishwa kwenye friji, hubaki mzuri siku tatu hadi tano. Hamishia uliobaki kwenye chupa ndogo uijaze mpaka shingoni, hewa ikose nafasi. Mwekundu utoe nusu saa kabla ya kunywa. Tena ule ushauri wa kunywa mwekundu kwa joto la chumba ulikusudia chumba cha Ulaya chenye nyuzi 16 hadi 18. Kwetu mwekundu uingie kwenye friji dakika 30 au 40 kwanza, usije ukakupandia puani kwa kileo chake.

Wanaokunywa glasi moja jioni watafute mvinyo wa boksi. Mfuko wake, uliobuniwa na Thomas Angove wa Australia mwaka 1965, husinyaa kadiri mvinyo unavyotoka, kwa hiyo hewa haiingii, na ukiwa kwenye friji hudumu wiki nne hadi sita. Kabla ya kufunguliwa lakini haudumu kama chupa: unywe ndani ya miezi michache. Mvinyo ulioongezwa pombe kali hukaa wiki kadhaa ukiwa wazi. Uliogeuka siki hauna sumu. Utumie kwenye kachumbari au kulainishia nyama.

Tarehe kwenye shingo

Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa duniani hutengenezwa ili unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mtengenezaji ameshaufikisha anapotaka ufike. Hautapata faida yoyote ya kungoja, hata kwenye handaki la Reims. Wachache wenye asidi nyingi, ukakasi mwingi au sukari nyingi ndio wanaohitaji miaka, na hao wasihifadhiwe kwenye nyumba ya pwani bila friji ya mvinyo iliyo na umeme wa uhakika. Wapeleke kwa ndugu aliye Arusha au Njombe, au usiwanunue.

Kwa waliobaki, weka kanuni ya nyumba. Kila chupa inapoingia, funga karatasi shingoni uandike tarehe. Pwani, bila ubaridi wa umeme: mweupe, wa waridi na shampeni miezi miwili, mwekundu miezi minne. Zikiwa ndani ya friji, zidisha mara tatu. Nyanda za juu, kwenye kabati la ndani: mweupe mwaka mmoja, mwekundu miaka miwili au mitatu. Nunua chupa chache, kadiri utakavyozimaliza katika muda huo, na iliyotangulia kuingia itangulie kunywewa. Tarehe ikifika na hakuna sikukuu, pika pilau siku ya Jumapili, waite majirani wanaokunywa, na uifungue. Mkulima wa Hombolo na fundi wa kiwandani walifanya kazi ili mvinyo huo ufike mezani ukiwa na harufu ya zabibu, na kwetu atakayeunywa mapema ndiye atakayeipata.